Kujifunza kwa Mikono na kwa Miguu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya walimu na wazazi katika siku ya pili ya mkutano wa Jubilii)



Tumeagizwa tuseme juu ya masomo ya watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, pamoja na wale walioingia kidato cha kwanza na cha pili, yaani vijana wa miaka kumi na mmoja hata kumi na mitano. Habari ya vitabu vyao hatutaisema, maana wako watakaoisema baada yetu. Sisi twataka kusema juu ya masomo yasiyokaa ndani ya kitabu: kazi za mikono, na safari za kwenda kuona. Twajua ya kuwa jambo hili lina ubishi katika mkutano huu. Tangu jana tumesikia wazee wakinong'ona kwamba safari ni mchezo, na kwamba mtoto aliye karibu na mtihani hana nafasi ya kwenda pwani kuokota makombe. Tena tumesikia wengine wakisema kwamba jembe la shule liliwala watoto wa zamani, nao hawataki liwale na hawa wa leo. Maneno haya mawili hayafanani, nasi tutajibu kila moja peke yake. La pili ndilo lenye uzito, kwa hiyo tutaanza nalo.

Ni kweli kwamba kazi ya mikono katika shule si jambo jipya katika nchi hii. Bagamoyo, tangu misheni ilipofunguliwa mwaka 1868, watoto waliokombolewa katika utumwa walifundishwa kusoma, na pamoja na kusoma walilima na kujifunza useremala na uashi. Katika miaka ya 1950, zilipokuwapo shule za kati za darasa la tano hata la nane, shamba liliwekwa katika masomo kwa amri, na wazazi wengi walinung'unika wakisema, Tumempeleka mtoto shuleni ili aepukane na jembe, nanyi mwampa jembe. Kisha mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika habari ya Elimu ya Kujitegemea. Aliyesoma maandiko yale kwa makini atakumbuka kwamba hakutaka mtoto awe kibarua. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua, na waone faida na hasara ya uamuzi wao. Lakini katika shule nyingi neno lile lilifika nusu. Jembe lilifika, shauri halikufika.

Twaijua shule moja, wala hatutaitaja, ambapo watoto wa darasa la sita walipalilia mahindi ya mkubwa wao juma zima, na katika kitabu cha masomo ikaandikwa "Elimu ya kazi." Hapo mzazi akikasirika ana haki. Basi sisi twaomba tuwe na kipimo cha kutenganisha mambo haya mawili, nacho ni maswali matatu ambayo mzazi yeyote aweza kumwuliza mtoto wake jioni. Leo mlipima nini? Mlitaka kujua nini mlipoanza? Na mavuno yalikwenda kwa nani? Mtoto asipoweza kujibu hata moja, alitumikishwa, hata kama kazi ilikuwa njema na bustani inapendeza. Akiweza kujibu yote, alifundishwa, hata kama alirudi na matope hata magotini.

Shamba la mafunzo halihitaji ukubwa. Matuta mawili yatosha, ya urefu mmoja na upana mmoja, yaliyopandwa siku moja kwa mbegu moja. Moja litiwe samadi na lingine lisitiwe. Watoto wahesabu mimea iliyoota, wapime kimo kila Ijumaa, na mwisho wapime mavuno kwa mizani. Ikitokea kwamba tuta lisilo na samadi limeshinda (nayo hutokea, kwa sababu ya mchwa au ya kivuli cha mti), mwalimu asione haya wala asifiche hesabu. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, kwa kuwa watoto watataka kujua sababu.

Sasa tuje kwenye safari, na kwanza tuseme juu ya bahari, kwa kuwa wengi wetu twakaa karibu nayo hata hatuioni tena.

Mwalimu akitaka kuwapeleka watoto pwani, jambo la kwanza si barua wala gari, bali ni kuutazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja maji ya bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya nyakati hizo ni maji mafu, nayo hayafunui mwamba. Pwani yetu ya Tanga, siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya maji makuu na madogo yapita meta tatu. Ni bahati kubwa kwa walimu, kwamba bahari hujifunua saa za shule. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi, na jambo hili watoto wenyewe waweza kulivumbua kwa kusimika mti wenye alama katika maji na kuandika saa kwa siku saba. Tumeona ya kuwa mtoto wa mvuvi, ambaye darasani hukaa nyuma na kunyamaza, siku hiyo ndiye mwalimu. Yeye alijua zamani mambo ya mwezi na maji. Hakujua tu kwamba hayo nayo huitwa elimu.

Mkifika mwambani, msiwaache watoto watawanyike kama kuku. Fungeni vijiti vinne kwa kamba viwe mraba wa meta moja kila upande. Mraba huo uwekwe chini karibu na ufuko, kisha hatua hamsini mbele, kisha hatua mia, na kila mahali watoto wahesabu walivyoviona ndani yake: kaa, konokono, viti vya pweza, majongoo ya pwani, majani ya bahari ya namna mbalimbali. Waandike kwa safu. Kisha wakirudi watazame wenyewe ni viumbe gani wanaoweza kuvumilia jua kwa saa nyingi, na ni wale gani wasioonekana ila karibu na maji yasiyokauka. Wala wasichukue kilicho hai. Kila jiwe lililogeuzwa ligeuzwe tena kama lilivyokuwa, maana chini yake pana nyumba ya mtu.

Penye mikoko pia pana somo kubwa. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi yake kama mtu juu ya magongo. Mchu hutoa vijiti vingi vya mizizi vinavyochomoza katika tope kama penseli, navyo huvuta hewa. Mwambie mtoto alambe jani la mchu, ataona chumvi juu yake, kwa kuwa mti huo hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani. Hakuna mtoto aliyelamba jani hilo atakayelisahau, wala hatuwezi kusema hivyo juu ya ubao na chaki.

Tena tuliyo nayo hapa ni bahari yenye habari iliyoshangaza ulimwengu. Wavuvi wa Tanga walianza kupata katika nyavu zao, kutoka maji ya kina kirefu, samaki aitwaye silakanti, ambaye wataalamu walidhani jamaa yake yote ilikwisha kufa zamani sana kabla ya kuwako mwanadamu, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika ya Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 sehemu ya bahari hii ikatengwa iwe hifadhi kwa ajili yake. Mtoto wa Tanga akijua habari ya simba wa Serengeti asijue habari ya samaki huyu, twaona kuna upungufu.

Juu ya hatari tutasema kwa ufupi, lakini kwa nguvu. Bamvua lirudipo hurudi upesi, na hujaza mifereji ya nyuma kabla ya kujaza mwamba wa mbele. Basi aende mzee mvuvi anayeijua njia, na neno lake liwe amri juu ya mwalimu. Ziwepo filimbi na kamba ndefu, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi. Viatu vivaliwe, kwa ajili ya miiba. Konokono wa bahari wenye umbo la pia wasishikwe kabisa, maana wako wenye sumu ya kuua.

Basi tuseme sasa habari ya kijiti na kivuli. Katika masomo yote tunayoyajua hatujaona lililo jepesi kwa gharama na zito kwa maana kuliko hili, nasi twaomba mtuvumilie tukilieleza kwa urefu.

Chukueni mti ulionyoka, usimamishwe katika uwanja ulio sawa, urefu wake juu ya ardhi uwe meta moja kamili. Upimwe kwa uzi wenye jiwe ili usimame wima. Tangu saa tano na nusu watoto watie alama mwisho wa kivuli, kila dakika tano. Wataona kivuli chafupika, kisha charefuka tena. Na pale kilipokuwa kifupi kuliko pote ndipo adhuhuri ya kweli. Mara wataona ajabu ya kwanza: adhuhuri haiji saa sita kamili. Sababu ni kwamba saa ya nchi yote imewekwa kwa mstari wa longitudo 45, nao uko mashariki kwetu, na Tanga ipo katika 39. Jua hutumia dakika nne kwa kila digrii moja, basi digrii sita ni dakika ishirini na nne za kuchelewa; tena liko badiliko lingine la majira, ambalo huongeza au kupunguza dakika kadhaa.

Ajabu ya pili ni kubwa zaidi. Karibu na siku ya 8 Machi, na tena karibu na siku ya 6 Oktoba, jua hupita juu ya utosi wa watu wa Tanga, na kivuli cha kijiti hupotea. Mwezi Machi hutukia kama saa sita na dakika thelathini na nne, na Oktoba kama saa sita na dakika kumi na mbili. Watoto wengi hudhani kwamba jua lipo juu ya utosi kila siku ya mwaka saa sita. Waacheni wabishane, kisha wakaone.

Sasa, ndugu zetu walimu, tazameni ramani. Mji wa Masasi uko kusini ya Tanga, karibu sawasawa, hata adhuhuri ya miji hii miwili haipishani ila dakika moja hivi. Siku ile kivuli kitakapopotea Tanga, watoto wa Masasi wenye kijiti cha meta moja wataona kivuli kikielekea kusini, na urefu wake kama sentimeta kumi. Hapo walimu wa pande mbili wapigiane simu (kila mmoja wetu anayo mfukoni, wala haitumiki siku zote kwa mambo ya maana), waambiane hesabu zao.

Kwa nini huku hakuna kivuli, na huko kipo? Jua li mbali sana, hata miali yake ifikapo kwetu huwa sambamba, ya Tanga na ya Masasi. Kama ardhi ingekuwa bapa kama meza, vijiti vyote viwili vingekosa kivuli pamoja. Basi tofauti yatoka katika kupindika kwa dunia. Na kwa pembe ndogo kama hii hesabu yake ni rahisi: kama kivuli kilivyo sehemu ya kumi ya kijiti, ndivyo mwendo wa Tanga hata Masasi ulivyo sehemu ya kumi ya mwendo wa kutoka juu ya ardhi hata kiini cha dunia. Watoto wapime kwa rula katika ramani, si kwa kilometa za barabara yenye kuzunguka. Watapata kama kilometa 630. Mara kumi ni 6,300. Mara mbili ni 12,600, ndio upana wa dunia yote ukipita kati. Zidisha kwa 22, gawanya kwa 7, utapata 39,600. Wataalamu wenye vyombo vyao wasema mzunguko wa dunia ni kama kilometa 40,000.

Njia hii ilitumiwa Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na mtu aitwaye Eratosthenes, mlinzi wa nyumba kuu ya vitabu ya Alexandria. Yeye alisikia kwamba huko Aswani, siku moja ya mwaka, jua la adhuhuri hufika hata chini ya kisima, na siku hiyo hiyo Alexandria vivuli vilikuwapo. Watoto wetu hawana nyumba kuu ya vitabu. Lakini wanacho kijiti, na Masasi wanao wenzao.

Yuko atakayeuliza, Je, wakikosea? Watakosea. Wakizidisha nusu ya sentimeta katika kupima kivuli, dunia itapungua kama kilometa elfu mbili katika daftari yao. Twapenda sana wakosee hivyo, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kupoteza kilometa elfu mbili kwa nusu ya sentimeta hatahitaji kuhubiriwa habari ya kupima vizuri. Na mtoto asiyeweza kutembea kwenda mwambani, hapa ndiye awe mshika saa na mwandishi, maana kazi hii yafanyika mlangoni pa darasa.

Mbali ya hayo ziko safari za siku nzima, nasi tutataja chache.

Mto Zigi huanza katika milima ya Usambara Mashariki, pande za Amani, ukashuka hata bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanayonywewa katika mji wa Tanga. Watoto wa mjini hudhani maji yatoka katika bomba. Wachukue chupa nyeupe zilizo sawa, moja wajaze mtoni penye msitu, moja chini ya mashamba yaliyolimwa hata ukingoni, moja bwawani, na ya mwisho nyumbani. Wazipange dirishani usiku mmoja bila kuzigusa, asubuhi wapime kwa rula unene wa tope lililotua. Hesabu hiyo ikiisha kupatikana, hapana haja ya mwalimu kusema sana juu ya kukata miti. Amani kwenyewe Wadachi walianzisha mwaka 1902 kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, wakaleta miti ya nchi nyingi, na mingi ingalipo. Msitu ulitangazwa hifadhi mwaka 1997. Katika nchi hii ya Tanga na Usambara ndiko lilikotoka ua dogo la rangi ya urujuani ambalo mtawala mmoja Mdachi, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo lakaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na watoto wa huku hawalijui. Walichore lilivyo mwambani, wasiling'oe.

Kwenda Tongoni si mbali, kusini ya mji, katika njia ya Pangani. Hapo pana gofu la msikiti na makaburi kama arobaini, na mengine yana nguzo, na penye kuta yako mashimo ya duara palipotiwa vibakuli vya Kichina. Watoto wapime kwa hatua, wachore ramani ya mahali, wahesabu makaburi wenyewe wala wasikubali hesabu yetu. Pande hizo, zilizoitwa Mtangata, ndiko chombo cha Vasco da Gama kiitwacho São Rafael kilikopanda mwamba Aprili 1498. Kikaondoka salama, na Januari 1499, aliporudi kutoka Uhindi na mabaharia wake wengi wamekwisha kufa, akakichoma moto kwa kukosa watu wa kukiendesha. Mwalimu aliyewapeleka watoto mwambani wakati wa bamvua hatapata taabu kueleza jinsi chombo kilivyopanda, wala jinsi kilivyoondoka.

Kisha waende mapango ya Amboni, upande wa kaskazini, na mfukoni wawe na ndimu au chupa ya siki. Kipande kidogo cha jiwe kilichokwisha kuanguka, kikipondwa na kutiwa siki, hutoa mapovu. Kipande cha kombe la pwani hutoa mapovu vilevile, na chokaa kadhalika. Hapo mtoto ataanza kushuku kwamba pango, kombe na ukuta wa Tongoni ni ndugu. Yote ni jamii ya chokaa. Hatukuwaambia, siki imewaambia.

Na katani? Mimea ya kwanza ililetwa nchi hii mwaka 1893 kwa shauri la Bwana Richard Hindorf, nayo ilitumwa elfu moja, ikafika hai 62 tu. Huo ni mfano mzuri wa hesabu za asilimia, nao ni wa kweli. Watoto wakienda korona watazame kwa mbali, maana mashine haina huruma. Lakini waombe majani, wayapime kwa mizani, wayaparuze wenyewe kwa kisu butu na ubao, wakaushe nyuzi, wapime tena. Katika kilo mia za majani hupatikana kama kilo nne za nyuzi. Mtoto atauliza, Na kilo tisini na sita zakwenda wapi? Swali hilo wakubwa wa mashamba waliliuliza kwa muda mrefu.

Sasa twarudi kwa wazee waliosema habari ya mtihani. Hatutawadanganya. Hatusemi kwamba mtoto aliyekwenda Tongoni atapata alama nyingi kuliko asiyekwenda. Hatukupima jambo hilo, na tungekuwa watu wa ajabu kusifu kupima na kusema tusiyoyapima. Twasema hivi tu: hesabu za uwiano, za skeli, za asilimia, za mzunguko wa duara, zote zimo katika mtaala, na zote zimo katika kijiti, chupa na katani. Mtaala mpya ulioanza kutumika nchini mwaka 2024 wataka mwanafunzi awe na umahiri wa kutenda. Na jirani zetu wa Kenya, ambao tangu mwaka 2023 wana shule ya kati ya darasa la saba, la nane na la tisa, wanasema maneno yaleyale. Siku hazipotei.

Lakini liko jambo moja linalotusumbua kuliko mtihani, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa. Safari za shule zimeanza kuwa biashara. Gari hukodiwa, fedha hutangazwa, wenye fedha huenda, wasio nazo hubaki. Tuliona katika shule moja asubuhi gari lilipoondoka: waliokuwa ndani walikuwa wakiimba, na waliobaki wakaambiwa wafagie uwanja. Jumatatu mwalimu akauliza darasani, Mliona nini? Nusu ya darasa ikanyosha mikono, na nusu ikatazama chini. Wazazi, ninyi mwajua ni watoto wa nani waliotazama chini. Na kati yao wasichana walikuwa wengi, kwa kuwa fedha ikiwa kidogo nyumbani huenda kaka kwanza, na dada huambiwa kuna maji ya kuteka.

Somo la namna hiyo lafundisha kweli, nalo latufundishia watoto wetu jambo tusilolitaka. Kwa hiyo twaomba mkutano huu, kabla haujafungwa, ukubali neno moja liandikwe katika kitabu: safari isiyoweza kuchukua darasa zima isifanywe. Kama fedha haitoshi kwenda Amani, darasa zima liende mtoni kwa miguu. Kama haitoshi hata mkate wa njiani, kijiti kipo. Mavuno ya shamba la mafunzo, badala ya kugawanywa tusikokujua, yawe mfuko wa safari, na hesabu yake iandikwe na watoto wenyewe na kubandikwa ukutani, wazazi waisome. Tumefanya hesabu na walimu kadhaa, tukaona ya kuwa safari tatu za miguu na moja ya gari kwa mwaka zawezekana katika shule nyingi za jimbo hili, kama wenye magari watatuonea huruma siku moja.

Tumemwomba Bwana Mwenyekiti, naye amekubali, neno hilo lipigiwe kura leo alasiri baada ya chai. Walimu waliotoka upande wa kusini, na wote wenye jamaa au rafiki katika shule za Masasi, twawaomba waje kwetu chini ya mwembe kabla ya kengele, ili tuandike namba za simu na kupatana habari ya vijiti vya Oktoba. Na wazee wavuvi walio tayari kwenda na watoto mwambani katika bamvua lijalo, karani anayo karatasi mezani pale mlangoni.